Kocha Mkuu wa Chuo Chetu

Kocha mkuu wa timu ya chuo chetu hapa Likoni hapazi sauti. Husimama kando ya uwanja, mikono nyuma, akimumunya ubuyu, na wachezaji humtazama kila mara. Mimi, msaidizi wake, hupiga kelele hadi koo likauke, wala hawageuki. Jumamosi tulifungwa fainali kwa penalti. Kazungu, kipa wetu, alikuwa ameketi golini akilia. Nikamkumbatia.

"Pole, mwanangu."

"Kocha yuko wapi?" akaniuliza.

Kocha mkuu akaja polepole, akachutama, akaanza kumfungua kamba za viatu. Kazungu akamwegemea begani, akalia kwa sauti. Nikabaki nimesimama na chupa ya maji, nikitamani bega lile lingekuwa langu.