Neno Nililompa Mwingereza Kaburini

Miaka ile, toka Saadani hadi Mapinga, usingepata mtu mwingine aliyejua Kiingereza cha ugomvi. Wenye cha kuombea maji na kuuzia kuku walikuwapo. Mimi nilirudi kutoka Bombay na shahada yenye muhuri mwekundu, niliyoipata kwa kuosha sahani za Wazungu na kusoma, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Nilijua kuwa ugomvi wa watoto na kuku huitwa "squabble", wa walevi "brawl", na ule ambao baba humwachia mwanawe kama shamba huitwa "feud". Mkalimani akiyachanganya maneno hayo, mtu asiye na kosa hulala na minyororo.

Ndiyo maana Mwingereza mmoja, aliyekuwa Bagamoyo akingoja kwenda bara, alinitafuta mimi. Kambi yake ilikuwa nje ya mji, kwenye njia ya Mlingotini, na kila asubuhi aliamshwa na matusi. Palikuwa na pagazi Mnyamwezi, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyependa kujilaza kwenye kivuli cha mizigo. Mzaramo mmoja, muuza muhogo, alikuwa akiwahi kuja na kulala mahali pale pale. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Kutukanana kwao ni haki.

"Toka hapo, Mzaramo," pagazi alikuwa akisema kila siku. "Unanitilia joto mahali pangu."

Mwingereza aliniuliza ule ni ugomvi gani. Nikampa "squabble". Alicheka, akaishika ile sentensi ya pagazi kwa Kiswahili, akawa anamwambia paka wa kambini kila alipomkuta kitini pake.

Masika yalipoanza, pagazi alishikwa na homa, akafa. Msafarani alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake. Tulikwenda kumzika alasiri. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Maiti ililala juu ya mkeka kando ya kaburi, imeviringishwa kaniki. Kabla hatujaiinua, Mzaramo alirukia shimoni akajinyoosha.

"Pananitosha," alisema kutoka chini. "Huyu mrefu mno, mpelekeni kwao wakamkunje. Tangu lini mvivu akapewa kitanda kipya?"

Watu walicheka. Huo ndio utani wa msibani: mtani hulizuia kaburi, mtu wa upande wa marehemu humjibu tusi kwa tusi, kisha mtani hutoka na marehemu huingia bila kinyongo na mtu. Asipojibiwa, hatoki. Na wa kujibu alikuwa yule mdogo mtu peke yake. Alifungua kinywa, akakifumba. Akajaribu tena.

"Nijibu basi, bwana mdogo," Mzaramo alisema. "Maji yananiingia mgongoni."

Kicheko kilikufa. Mwingereza alikuwa mwekundu usoni.

"Hii ni brawl?" aliniuliza. "Ndani ya kaburi?" Akawaita askari wake wawili wamtoe mtu yule kwa nguvu.

Nilimfikiria mdogo mtu. Mtani akiburutwa, kaka yake angezikwa na tusi lisilojibiwa, na yeye angefika kwao amwambie nini mama yao? Nilikuwa na nafasi ya neno moja, nami nililijua.

"Hii ni duel, bwana," nikasema. "Na sisi ni mashahidi."

Kwa Waingereza, duel ni pambano la watu wawili wenye heshima. Lina taratibu zake, na anayeliingilia hujivunjia heshima. Mwingereza aliwarudisha askari kwa mkono, akavua kofia. Pwani nzima hapakuwa na mwingine ambaye angelipata neno lile.

Kisha sauti ikasema, polepole, kama ya mtu aliyeamshwa:

"Toka hapo, Mzaramo. Unanitilia joto mahali pangu."

Ilikwaruza. Ilitoka chini, usawa wa magoti yetu, upande wa mkeka. Nilimtazama mdogo mtu: alikuwa ameziba kinywa chake kwa viganja vyote viwili.

Mzaramo alitoka shimoni bila mzaha na bila kushikwa mkono, mgongo umejaa tope. Alishika kaniki upande wa kichwani, akatusaidia kumteremsha mtani wake. Ndipo mdogo mtu akalia kwa sauti, tukafukia.

Njiani Mwingereza alikuwa bado ameshika kofia mkononi.

"Ni yule ndugu yake aliyesema?"

"Siye, bwana."

"Wewe?"

"Sauti yangu unaijua."



"Duel huhitaji watu wawili," akasema.

"Walikuwa wawili, bwana."

Asubuhi yake paka alikuwa amelala kitini. Mwingereza alimtazama, akafungua kinywa, kisha akaenda kukaa juu ya sanduku.