Bi Hana wa Jikoni

Siku yangu ya kwanza katika hoteli ile ya Alexandria nilikabidhiwa jiwe, si sufuria. Lilikuwa gurudumu la kunolea visu, la kuzungushwa kwa mguu, sehemu ya chini ikipita majini ili kisu kisiungue. Shefu, yaani mpishi mkuu, alirithi jiwe hilo kwa babu yake aliyetoka Ulaya Mashariki. Ubavuni lilikuwa na herufi nisizozijua.

“Haya maandishi ni ya nini, Shefu?”

“Jina la kiwanda, Mama. Siku hizi hawatengenezi hivi.”

Nikanoa miaka kumi na minne. Kila asubuhi Shefu alilipigapiga jiwe kama mtu anayemsifu farasi.

Ikaja harusi ya Kiyahudi, na mkaguzi wao wa sheria za dini kuhusu vyakula akatangulia kupekua jiko. Alipita kwenye majiko na masufuria, mpaka akafika kwangu.

“Hili mmelitoa wapi?”

“Kiwanda maarufu sana hicho,” Shefu akajibu.

“Kinaitwaje?”

Shefu akamwonyesha zile herufi. Mkaguzi akavaa miwani, akasoma polepole akitafsiri Kiebrania: “Hapa amezikwa mwanamke mwema, Hana, binti wa… Jina la baba limekatwa.”

Akatueleza kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia makaburi ya Wayahudi kule Ulaya Mashariki yalivunjwa, mawe yakachongwa kuwa vinu, ngazi na vinoleo. Shefu akaketi juu ya gunia la vitunguu.

“Mama, tumenoa visu kwenye kaburi la mtu.”

“Wewe ulinoa lini, Shefu? Aliyenoa ni mimi. Ukiomba msamaha, anza na jina langu.”

Mkaguzi alijua makaburi ya Kiyahudi ambako jiwe lingepokewa. Kigari pekee kilichoweza kulibeba kilikuwa cha keki, basi tukalifunika kitambaa cheupe tukapita nalo katika ukumbi wa harusi. Shangazi wa bibi harusi akatukimbilia.

“Keki mnaipeleka wapi?”

Shefu akavua kofia. “Si keki, bibi. Ni Hana. Tunamrudisha kwa watu wake.”

Yule shangazi alimtazama mkaguzi, naye akaitikia kwa kichwa, kisha akatusindikiza hadi garini.

Sasa nimestaafu. Visu vya nyumbani ni butu, na mume wangu hulalamika kila akikata nyanya. Namwambia achague zilizoiva. Mara mojamoja napanda basi kwenda kumsalimu Hana. Naweka kokoto juu ya jiwe lake, kama Wayahudi wanavyofanya makaburini. Ukingoni mwa jiwe pana mfereji mwembamba, laini, uliochimbwa na visu vyangu. Vijana mkiniuliza kazi yangu imeacha alama gani katika nchi hii, ni ile, na sijivunii.