Saa Kumi na Mbili, Kila Mtu Ndani

Wiki hii nimelala tena kwenye ile hoteli ya zamani kando ya ziwa, na naomba usinionee huruma. Kweli, mlango wa chumba changu haufungi vizuri, bomba la bafuni linakohoa kabla ya kutoa maji, na ukiegemea ukuta unaondoka na rangi mgongoni. Lakini hata nilipokuwa na miaka tisa ilikuwa hivyohivyo. Hoteli hii ilizeeka mapema, na ndiyo maana watu kama sisi tuliweza kulala humo.

Jirani yetu wa mtaani Cibitoke alikuwa mpishi pale. Kila kiangazi alituombea vibanda viwili vya wageni kwa siku tatu, nasi tukahamia na masufuria yetu yote. Bibi hakuyaamini mashuka ya hoteli, alibeba yake. Asubuhi tulisikia wavuvi wakirudi na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, mchana mpishi akakaanga mukeke, na harufu ya samaki na ndimu ikatufuata hadi majini. Kazi yangu ilikuwa kufagia mchanga barazani, na mchanga ule hauishi, nakwambia. Sheria ya hoteli ilikuwa moja tu: ikifika saa kumi na mbili jioni, kila mtu ndani, maana viboko walitoka ziwani kuja kula majani ya bustani.

Mwaka ule mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, alikuwa anachumbiwa. Uwanja wa kwetu ulikuwa mdogo, kwa hiyo sherehe ya posa ikafanyika kwenye bustani ya hoteli. Mchumba alikuwa fundi wa magari, mpole, kucha nyeusi kwa oili. Mimi nilimpenda kwa sababu alinitengenezea baiskeli bila kuombwa. Bibi alitaka mkwe wa ofisini, mwenye tai, wa huko Kigobe kwa matajiri. Na kwa kuwa babu alikuwa amekwisha kufariki, jibu la mwisho lilikuwa la bibi. Mchana wa siku ya posa, nikimfunga kitambaa kichwani, aliniambia:

"Waache waongee. Mi nitasema apana. Na we, usiambie mutu."

Nikakaza fundo la kitambaa.

Wageni walialikwa saa nane, wakafika saa kumi, kama kawaida yetu. Kisha wakaanza wasemaji. Kwetu binti haombwi kwa haraka. Msemaji wao akasifu ng'ombe wa mahari, wetu akajifanya haelewi, wakarudia pembe, wakarudia maziwa, huku wazee wakivuta pombe ya ndizi kwa mirija na kuitikia. Mlinzi wa hoteli alikuja mara mbili kuonyesha saa. Msemaji wetu akampungia mkono aondoke, kwani kufupisha maneno ni kumshusha binti. Yule wao bado alikuwa kwenye ng'ombe wake, ziwa likiwa mgongoni kwake, kiboko alipopanda kutoka majini na kuanza kula majani.

Tulikimbia, wee! Viti vilianguka, pombe ikamwagika. Nilifika kwenye mkahawa kabla ya watu wazima wote. Nilipogeuka, bibi alikuwa bado ameketi kule bustanini. Magoti yalikuwa yamemgomea.

Fundi akarudi mbio. Sasa elewa: kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata macho huyainamisha. Alisimama mbele yake, nikamsikia akisema, "Mama, unisamehe." Akainua kiti na bibi akiwa juu yake, akamleta mpaka ndani, uso ameugeuzia pembeni kwa heshima njia nzima, akijigonga kwenye meza.

Msemaji wetu akakohoa, akasema turudi siku nyingine, maana maneno hayajaisha na tena aibu imetokea. Bibi akakiweka sawa kitambaa chake.

"Maneno gani tena? Mumupatie muke wake, tule."

Siku hizi ziwa limepanda, na bustani ile yote iko chini ya maji. Mpishi hayupo, bibi hayupo, na posa zinafanywa kwenye kumbi ambako msemaji anapewa robo saa. Ninamkosa bibi, sana, na sioni haya kusema.

Jana baba mdogo, yule fundi, alikuja kunisalimia. Tulisimama ukutani tukitazama maji.

"Musemaji wetu alijua kuongea," akasema. "Ni yeye alinipatia muke."

Siri ile nilikuwa nimeitunza miaka yote hiyo. Nikaona inatosha.

"Apana, papa. Bibi alikuwa tayari kukukatalia. Aliniambia mwenyewe, kabla ya sherehe."

Alitazama pale bustani ilipozama. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ni mi mwenyewe," akasema, na akatoa simu ampigie mkewe.