Sodiamu ya Mwalimu Stanislas

Kwa mambo mengine Mwalimu Stanislas alikuwa mkarimu, lakini kwa sodiamu alikuwa bahili wa kupindukia. Sekondari yake pale Butembo, mashariki mwa Kongo, ilibaki na kipande kimoja tu, ukubwa wa kidole gumba, kimelala ndani ya chupa ya mafuta ya taa kisiguswe na hewa wala unyevu. Kila mwaka wanafunzi waliomba kukiona kikitiwa majini, naye akawachorea ubaoni.

"Mwaka kesho," alisema. "Vita iishe kwanza."

Vita haikuisha, na mafuta ya taa yakaadimika. Mkewe, Jokébed, alipakua sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, gizani huku chupa ya sodiamu ikijazwa.

"Baba Hadassa, ile kitu yako inaoga mafuta ya taa, lakini batoto banakula giza!"

Stanislas alipapasa sufuria, akajiongezea sombe.

Ukaja mwaka ule ambao kila mtu aliota koltani, madini ya kutengenezea simu. Komanda wa waasi aliingia maabara na askari wake, akaiona chupa. Akakitoa kipande, akakichanja kwa kisu. Ndani kiling'aa kama sufuria mpya.

"Mwalimu, unatuficha madini?"

"Hapana coltan, mon commandant! Ni sodium! Nakulomba, hapana tia mu mayi!"

Komanda akacheka. Koltani huoshwa kwenye beseni, kila mchimbaji anajua. Asiyetaka ioshwe ana lake jambo.

"Mulete beseni!"

Stanislas alitaka kulia. Miaka yote ile ya kubana, kumbe alikuwa anamwekea mwizi! Akajitupa chini ya meza. Kipande kikatumbukia kwenye maji ya beseni, kikaelea, kikayeyuka kuwa tone la mviringo, kikaanza kukimbia huku na huku kikichachatika. Hapo akawaona wanafunzi wake wamejazana dirishani, na hofu ikamtoka.

"Muone, batoto! Inaelea, ni nyepesi kuliko mayi! Ile hewa inatoka ni hydrogène! Sasa itawaka. Muiname!"

Paa! Komanda alitoka mbio bila kofia wala nyusi. Askari wake walikuwa wamekwisha kumtangulia.

Mtihani ulipofika, Stanislas aliuliza sodiamu hufanya nini majini. Darasa zima liliandika: inaelea, inayeyuka, inatoa hidrojeni, na komanda anakimbia. Alisahihisha nyumbani, kwa taa iliyojazwa mafuta ya chupa ile, akawapa wote alama kamili.

Jokébed akaketi mbele yake penye mwanga, akamtazama sana usoni.

"Kumbe ulisha kuzeeka, Baba Hadassa," akasema.