Miwani ya Mkubwa

Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua hospitali, niliacha kazi ya serikali nikaajiriwa kwenye kahospitali kamoja huko Mjimwema. Nje rangi ilikuwa mpya, ndani hakuna kitu. Ndugu wa mgonjwa walipewa karatasi wakanunue glovu, uzi na maji ya dripu. Kinga ya macho yetu haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Nani angemnunulia muuguzi? Miwani ya kujikinga ilikuwa moja tu, na kwa heshima zetu za kijinga ilivaliwa na mkubwa. Mkubwa nilikuwa mimi.

Siku hiyo aliletwa mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, mguu umesagwa na tela la trekta, kidonda kimejaa udongo. Beseni alishika mwenzangu, muuguzi mwenye mtoto wa miezi minne.

"Leo vaa wewe," nilimwambia. "Nitasukuma maji kwa nguvu."

"Hapana, dada. Siwezi kuvaa mimi, wewe mkubwa ukae wazi."

Nikavaa. Wala sikubishana, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilijaza bomba kubwa la sindano, nikalenga udongo ulioganda mfupani, nikasukuma. Maji yaligonga mfupa yakarudi na damu, yakamwingia mwenzangu machoni.

Alinawa bombani muda mrefu. Tulitaka damu ya mgonjwa ipimwe Ukimwi, lakini dawa za kupimia zilikuwa zimekwisha, na kesho yake mgonjwa akafariki. Mwenzangu mwenyewe ilibidi angoje miezi mitatu ndipo kipimo chake kiaminike. Hakuuliza habari za macho yake. Aliuliza kama aendelee kunyonyesha.

"Mwachishe," nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Alijifunga kanga kifuani maziwa yakauke, akampa mtoto maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi. Wiki ya tatu mtoto akaanza kuhara. Tulihangaika naye siku nne. Tulimzika Jumamosi, mvua ikinyesha.

Miezi mitatu ilipotimia alikwenda kupima. Alinikuta nikikunja mashuka, akanipa karatasi nisome. Hana virusi. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru.

"Kumbe ningemnyonyesha tu, dada," alisema, akashika ncha ya pili ya shuka, tukaendelea kukunja.