Mitungi ya Mama Zawadi

Asubuhi ile nilipanga mtungi wangu kwenye foleni ya Mama Zawadi, muuza maji wetu, nikaenda kukaanga mandazi. Hapa mtaani Huruma ndivyo tunavyoishi: mtungi wa plastiki unakushikia nafasi, na hakuna wa kuusogeza. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa bado yanabishaniwa, lakini mafuta yangu yalichemka vizuri, nami nilikuwa naota saluni yenye kioo cha ukuta mzima, hata majirani wakaniita Saluni.

Mutua, jirani wa ghorofa ya juu aliyekuwa akisoma hesabu chuoni, alikuja na simu mkononi.

"Niaje, Saluni. Umesikia hii?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imerekodiwa. Alilia kidogo, kisha akasema Mama Zawadi ni wa upande ule mwingine wa kura, ametia maji sumu, na watoto wameshazikwa. Hakutaja jina la mtoto hata mmoja.

"Nani huyo?"

"Hakuna anayemjua. Lakini kila mtu ametumiwa na mtu anayemjua. Ujanja uko hapo."

Tulitoka nje. Watu walikuwa wamesimama mbali, wakiitazama mitungi yao. Mama mmoja akaja akauondoa wake. Wakafuata wawili. Nami, sijui kwa nini, nikauchukua wangu.

Mutua aliokota mkaa, akaanza kuchora vidoti ukutani, kila kidoti mtu mmoja.

"Cheki. Huyu anaondoka akiona mmoja ameondoka. Huyu anangoja wawili. Yule anangoja kumi. Mwishowe hata asiyeamini anaondoka. Si ati wote wamesadiki, wanaangaliana tu."

"Sasa?"

"Sasa apatikane mmoja wa kurudi. Mambo yatageuka vilevile yalivyokuja."

"Wacha zako, Mutua. Hapa si chuo."

"Mitungi ikiisha hapo, watamvunjia yule mama kibanda naye akiwa ndani."

Alienda. Akafungua mfereji, akajaza kikombe, akanywa mbele ya watu wote. Mama Zawadi alisimama mlangoni akiwa ameshika leso kwa mikono miwili. Mzee mmoja akarudisha mtungi wake. Nikarudisha wangu. Mwingine akafuata.

Hesabu ilikuwa inafanya kazi. Niliiona kwa macho yangu.

Kisha vijana wakatokea upande wa barabara. Sikumjua hata mmoja.

Hawakuwa na mitungi.

"Nani anakunywa hapa?"

Mutua aliinua kikombe, akitabasamu.

Jiwe la kwanza lilimpata kichwani.

Mama Zawadi alitoroka kwa mlango wa nyuma. Yuko hai, anauza mboga Kaloleni. Mutua hakufika hospitali akiwa hai.

Siku hizi nina saluni, kiti kimoja tu na kioo cha kawaida. Nikisuka, nawaza. Hesabu yake ilitujua sisi wa foleni, tunaongoja kuona jirani atafanya nini. Wale vijana hawakuwa wanamngoja mtu. Na yule mwanamke wa kwenye simu, mpaka leo simjui.

Mama yake Mutua alikuja nimsuke kabla hajarudi kwao Ukambani. Nilimsimulia yote, vidoti, mkaa, kikombe. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa.

"Mwanangu," aliniuliza, "katika hivyo vidoti, mimi alinichora wapi?"

Nilipasua mstari mwingine wa nywele, polepole, nisimuumize.