Consolée Aanika Umeme

Kama kuna kazi ambayo Consolée wa Wamaza hakubali kufundishwa na mtu, ni kuanika. Muhogo wake unakauka mweupe kama chaki, mpunga wake haunuki ukungu, na mwanamke akipita na ungo wa muhogo wenye madoa, Consolée humuuliza kama aliuanika kisimani.

Kwa hiyo siku Blaise, fundi wa mradi wa taa za jua, alipofika na pikipiki kutoka Kasongo kugawa mitambo bure kwa nyumba za paa la majani, Consolée alisikiliza maelezo kwa sikio moja. Kila nyumba ilipata panneau ya kupokea jua, sanduku la batri na taa mbili. Na kwa kuwa majani hayawezi kubeba panneau, Blaise alisema, "Mama, hii unaianika uani asubuhi, jioni unaianua."

Consolée akabeba vitu vyake na kuondoka. Kuanika? Ni kama mtu amemuonyesha njia ya jikoni kwake.

Sharti lilikuwa moja. Blaise angerudi mwezi ukiisha, na nyumba ambayo taa haiwaki ingenyang'anywa mtambo, kwa sababu kwingine watu waliuza batri. Mtambo ungeenda kwa jirani. Na jirani alikuwa Safia, Mama Souleymane, ambaye siku ya kugawa alikataa, akisema kioo kile kitaita radi. Radi haikuja. Kilichokuja ni majuto, na kila magharibi Safia alikaa mlangoni pake akiitazama taa ya mwenzake kama paka anavyotazama samaki wa watu.

Mwanzoni ilikuwa karamu. Jioni Consolée alichagua mawe kwenye mchele akiona kila punje, na mumewe Musafiri, ambaye jiwe lilishamvunja jino, alitafuna bila kuogopa.

"Mke wangu, leo nimekula na meno yangu yote."

"Yote mangapi?" Consolée akamjibu, na wakacheka mpaka kuku wakaamka.

Halafu taa ikaanza kuchoka. Jioni moja ikazimika kabla bugali haujaiva, nyingine kabla maji hayajachemka. Consolée akazidi kuanika. Alifagia uwanja, akatandika mkeka mpya, akafukuza mbuzi hadi kwa chifu. Wapi. Mwezi ulipoisha taa ilikuwa inafumbua jicho jekundu tu na kulifumba.

Blaise akashuka kwenye pikipiki, akabonyeza taa. Jicho likafumbuka, likafumba. Safia alikuwa amekwisha kufika, kikapu mkononi.

"Kikapu cha nini, Mama Souleymane?" Consolée akamuuliza.

"Cha kubebea tu, Mama Darlène. Mutu hajui siku italeta nini."

Blaise akakuna kichwa. "Mama, batri iko nzima. Panneau ilipata jua kweli?"

Hapo ndipo alipomchokoza Consolée. "Mutoto yangu, Wamaza yote hakuna mwanamke anaanika kunipita. Hii kitu imekula jua pande zote mbili."

"Pande zote mbili?"

"Saa tatu anaigeuza," Musafiri akasema. "Akienda shamba, ananiachia kazi mimi. Tumbo juu, mgongo juu, kama muhogo."

Blaise akatafuta kiti, akakikosa, akaketi chini. Alicheka mpaka akashika tairi ya pikipiki. Alipopata pumzi akaeleza kwamba mgongo wa panneau haujui jua hata kidogo, ni uso peke yake. Jua kali lote la mchana lilikuwa linamwagika bure, na taa za mwanzo ziliwaka kwa umeme ambao batri ilikuja nao.

"Na nani alisema nianike?" Consolée akauliza. "Kitu cha kuanika kinageuzwa. Usipokigeuza, hujaanika, umetupa."

Blaise akainua mikono juu. Neno lilikuwa lake. Akasema atalala kwa chifu. Kesho, taa ikiwaka magharibi, mtambo unabaki.

Kesho yake Consolée hakwenda shamba. Alikaa kando ya panneau na fimbo, akilitukana kila wingu kwa Kibangubangu. Shida ilikuwa mkono wake. Saa tatu ulianza kuwasha; akaukalia. Safia akaja kumfariji.

"Mama Darlène, upande mumoja utaungua. Geuza kidogo tu."

"Weye kageuze bwana yako."

Jua likazama. Wanawake wa jirani wakajaa uani, Musafiri akashika sahani yake tupu kifuani kama mtu anayeapishwa. Blaise akabonyeza. Taa ikawaka nyeupe, pana, hata kovu la goti la mbuzi likaonekana, na Consolée akaanza kucheza bila ngoma, wenzake wakamfuata kwa vigelegele.

Kabla wali haujapakuliwa Safia alikuwa amerudi. Safari hii na ungo wa mchele.

"Nimekuja kusalimia."

"Na ungo?"

"Ungo nao unasalimia."

Consolée akamsogezea kigoda chini ya taa. "Kaa. Lakini unaanza na mchele wangu wa kesho."

Blaise, akinawa mikono, akauliza kwa upole, "Mama, kesho niko Nyangwe kugawa zingine. Kule niseme neno gani?"

"Waambie ni kama bwana akilewa. Unamulaza chali, unamuacha vile mpaka jioni."

Musafiri alitaka kujitetea, lakini kinywa kilikuwa kimejaa wali, na wali haukuwa na jiwe.